Mafuta ya Mjomba Festo

Kariakoo, Jumamosi alasiri

Mwanangu Upendo,

Umetoka hapa umenuna. Umesema unakwenda kuwaaga wenzako Ilala, na mlango umeufunga taratibu kama nilivyokufundisha, lakini nimesikia jinsi ulivyoushika ule mlango. Nimesogeza sare za shule pembeni ya cherehani, nimechukua karatasi, na nitaandika mpaka utakaporudi. Alfajiri unaondoka kwenda Sumbawanga. Sitaki uondoke na picha moja tu ya mama yako, ya mwanamke aliyesimama mtaani mchana wa leo akamfukuza kaka yake mbele za watu.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na sweta za baridi ya huko sitakuandikia. Hayo nimekuambia mpaka umeyachoka, na wewe ni daktari wa mifugo, unajua kujitunza kuliko ninavyojua mimi. Nitakuandikia habari za dizeli. Najua utacheka. Mama ambaye hajawahi kushika usukani anajua nini kuhusu dizeli? Cheka, halafu usome. Usiwashe gari kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Nianze na mchana wa leo, maana wewe ulikuwa umesimama upande mmoja wa gari na mimi upande mwingine, na nadhani hatukuona kitu kimoja.

Mjomba wako Festo alikuja na furaha yake yote. Tulianza kumsikia msukumaji wa mkokoteni kabla hatujawaona, "Pisha, pisha, mzigo wa bosi huu!" na watu wa mtaa wakabanana ukutani kupisha. Juu ya mkokoteni kulikuwa na madumu ya dizeli, na nyuma yake Kaka Festo mwenyewe, amevaa lile shati jeupe analovaa kwenye harusi na misiba, faneli ya kumiminia mkononi.

Ulishuka ngazi mbio kama mtoto. "Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, daktari wangu wa ng'ombe! Umeshawaaga ng'ombe wa Dar?"

"Dar hakuna ng'ombe, Mjomba."

"Wapo tele, wamevaa suruali tu. Haya, fungua tenki. Mtoto wa dada yangu hawezi kutoka mjini na mafuta ya kubahatisha. Hii ndiyo zawadi yangu. Utafika Mbeya bado unaendeshwa na mkono wa mjomba."

Bi Salma wa duka la manukato akapiga kigelegele mlangoni kwake, na vijana wa viatu wakacheka. Wewe ukafungua tenki. Mjomba akafungua dumu, na ndipo mimi nikapita katikati yenu nikaweka kiganja changu juu ya tundu la tenki.

"Dada, toa mkono, nitakumwagia."

"Hayaingii."

"Nini hayaingii?"

"Mafuta yako, Kaka. Hayaingii kwenye gari la mwanangu."

Alidhani natania. Aliwatazama watu, akatabasamu. "Jamani, dizeli ni dizeli! Fuso langu linakunywa haya mwaka mzima. Lilikuwepo kabla ya huyu daktari kuzaliwa na mpaka leo linapanda Kitonga bila kukohoa."

"Fuso lako ni Fuso lako. Rudisha madumu."

Bi Salma akasema, "Mama Upendo, leo una nini? Zawadi ya mtu hairudishwi hadharani hivyo."

Kaka Festo akashusha faneli. Aliniuliza kwa sauti ndogo, sijui kama uliisikia: "Nimekukosea nini?" Nilisimama pale na mkono wangu juu ya tenki kama mtu aliyefunika macho ya maiti. Akasubiri. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu, "Sawa. Leo mtoto ana gari, mafuta ya Festo yamekuwa machafu." Akamgeukia msukumaji, "Geuza." Na mkokoteni ukageuzwa pale pale, na safari hii hakuna aliyepiga kelele ya kupisha. Watu walipisha wenyewe.

Ukaniambia ngazini, "Mama, yule ndiye aliyenisomesha. Kama wewe unaona aibu na watu wa madumu, mimi sioni. Mwombe msamaha kabla sijaondoka."

Kwa unayoyajua, ulisema kweli. Ngoja nikupe usiyoyajua.

Nilipomaliza kidato cha nne kule Rombo nilikuja Dar na begi moja, na Kaka Festo ndiye aliyenipokea. Alikuwa na kaduka kadogo ka saruji na misumari, chumba kimoja nyuma. Akanipa kitanda, yeye akalala dukani juu ya mifuko. Cherehani hii ninayoegemea sasa alininunulia yeye, akanitafutia nafasi barazani kwake nishone sare za shule, na mteja yeyote aliyetaka saruji ilibidi kwanza asikilize sifa za mshono wangu. Kila kitu nilichonacho katika mji huu kinaanzia kwake. Nakuandikia haya ili ujue kwamba sijasahau hata kimoja. Kutosahau ndiko kulikoniponza.

Nikaolewa na baba yako, tukahamia Kigamboni. Wakati ule daraja halijajengwa. Ukitaka kuja mjini ni kivuko cha Magogoni au ukae kwako. Akazaliwa kaka yako Elia, halafu wewe. Baba yako alikuwa akisambaza mikate kwa pikapu ya zamani, gari lisilochagua kitu. Lilikunywa dizeli ya kituoni, likanywa ya madumu, lingepewa uji lingekwenda. Mjomba wako alikuwa ameshaanza kuuza mafuta nyuma ya stoo yake. Anauziwa na madereva wanaotoka upande wa bandarini, na yeye anawauzia wenye magari ya mizigo hapa sokoni. Pikapu yetu ilikuwa mmoja wa wateja wake, na haikuwahi kulalamika.

Kisha baba yako akapata gari lingine, lililotoka Japani, limetumika kidogo, linang'aa. Hata mlio wake ulikuwa tofauti, wa chini, kama mtu anayeongea msikitini. Siku ya kwanza tulilileta hapa Kariakoo kumwonyesha Kaka Festo. Unajua desturi yake. Gari jipya la ndugu lazima alibariki kwa tenki la kwanza, na leo pia alikuja na desturi hiyo hiyo. Akatoka na dumu na faneli, akimimina huku anamwimbia Elia wimbo wa kipaimara, Elia akimshikia kifuniko cha tenki kwa mikono miwili kama anashika kikombe cha padri.

Nami nikasikia harufu.

Upendo, nimesoma kwa kibatari tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Moshi wake ulikuwa kwenye daftari zangu, kwenye shuka, kwenye nywele za mama yangu. Harufu ya mafuta ya taa siwezi kuikosea. Dizeli ina harufu nzito, ya mafuta mafuta, inakaa kwenye koo. Ile ilikuwa nyepesi na kali, inapanda puani moja kwa moja. Mtu alikuwa ameichakachua dizeli ile kabla haijafika kwa kaka yangu, na kaka yangu hakujua. Miaka ya vumbi la saruji ilikuwa imeshamwondolea pua.

Baba yako alinusa naye, akanigeukia. "Mama Elia, unasikia hiyo harufu?"

Kaka Festo alikuwa amesimama hapo hapo, ana jasho usoni, anatabasamu. Nikamtazama mtu aliyelala juu ya mifuko ya saruji ili mimi nipate kitanda. Nikasema, "Sisikii kitu. Ni upya wa gari tu."

Hayo ndiyo maneno yangu. Sikusema mengine.

Tenki la kwanza lilikuwa zawadi, yaliyofuata yakawa mazoea. Kila baba yako akivuka kuleta mikate alijaza kwa shemeji yake. Nami kila mara nilijiambia kwamba mbona gari linakwenda. Na kweli lilikwenda, mpaka lilipokataa.

Elia alikuwa na pumu. Hilo unalijua. Unajua pia kwamba alikufa kwa pumu, na ndivyo tulivyokuambia, na si uongo. Ulikuwa mdogo, tulikuacha kwa jirani siku ile, ukiwa na kipande cha muwa mkononi. Alirudi kutoka shuleni mchana anavuta pumzi kwa mabega. Dawa yake ya kuvuta tulimpa, haikumshika. Zahanati wakasema mvusheni haraka, mpelekeni hospitali ya mjini. Baba yako akaendesha mpaka kivukoni, wakatupitisha mbele kwa kuona hali ya mtoto, tukaingia. Kwenye kivuko magari huzimwa. Mhudumu akapita anagonga mabodi, "Zima gari, zima gari," na baba yako akazima.

Elia alikuwa mapajani kwangu. Aliniomba nimfungulie dirisha, nikafungua. Akaniuliza kama upepo wa baharini una dawa. Nikamwambia unayo, vuta.

Tulipofika upande wa Magogoni wakateremsha lango. Magari ya mbele yakatoka. Baba yako akawasha, mashine ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Betri ilikuwa na nguvu, mashine inazunguka vizuri kabisa, lakini haishiki. Nyuma yetu honi zikaanza. "Mzee, toa gari!" "Oya, amesinzia huyo?" Baba yako akatoa kichwa dirishani, "Nina mgonjwa!" na vijana waliokuwa wakitukana ndio hao hao wakaja kusukuma. Walilisukuma mpaka juu kwenye lami. Akajaribu tena. Mimi nikamchukua Elia, nikakimbia. Teksi ya kwanza ilikuwa na abiria. Ya pili ikatuchukua, tukaingia kwenye foleni. Daktari aliyempokea alikuwa msichana mdogo, rika lako la sasa. Alifanya kila kitu. Baadaye alinishika bega akasema, "Mama, mngewahi kidogo tu." Hakusema kwa ubaya. Nadhani alidhani ananifariji.

Baba yako alifika kwa miguu, funguo za gari mkononi.

Baada ya mazishi hakutaka kuliona gari lile. Nikaenda mwenyewe kwa fundi wa mtaa wa Gerezani lilikopelekwa. Akanionyesha kwenye chupa ya kioo mafuta aliyoyatoa. Yalikuwa meupe mno, na chini yametulia maji. Akanieleza kwa upole, kama mwalimu. Pampu ya gari la aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe. Ukiipa mafuta mepesi inasagika kidogo kidogo, na wewe huoni kitu, maana gari likiwa barabarani linakwenda tu. Siku utakayoliendesha mpaka likapata moto kisha ukalizima, pampu inakuwa haina nguvu tena ya kusukuma mafuta yale mepesi. Mpaka lipoe ndipo liwake. "Nani anawajazia?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikamwomba amwambie mume wangu kwamba pampu ilikuwa imechoka tu.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo ni zito kuliko lile la kwanza, na mkono wangu hautaki.

Unakumbuka jinsi baba yako alivyokuwa hazimi magari aliyoendesha baadaye? Mlikuwa mnamcheka, wewe na watoto wa jirani. Akishuka kununua sigara, gari linaunguruma. Akiingia kanisani kutoa salamu, gari linaunguruma nje, mpaka padri anamwuliza kama anakwenda kuiba. Mlidhani ni mazoea ya watu wa mikate, watu wa haraka. Na wewe umeyarithi. Nimekuona wiki hii unashusha mizigo na gari linawaka bure.

Baba yako aliamini kwamba alimwua mtoto wake kwa kuzima gari. Hakumwambia mtu mwingine, mimi tu. "Nisingezima," alikuwa akisema, tunapokula, tunapokunja nguo, bila mwanzo wala mwisho. "Ningemkatalia yule mhudumu. Nisingezima." Nami nilikuwa na maneno ya kumtoa kwenye moto ule, maneno machache kabisa, na sikuyasema, kwa sababu yangetoka na jina la kaka yangu ndani yake na uongo wangu mwenyewe nyuma yake. Nilisema, "Ni mapenzi ya Mungu." Nikamwachia Mungu mzigo wangu. Kisukari kilipomlaza mara ya mwisho, alinishika mkono akasema tena, "Mama Elia, nisingezima." Nikamwambia, "Pumzika, baba." Akapumzika. Nimekuwa nikimjibu tangu siku ile, Upendo. Namjibu nikishona, namjibu nikiosha vyombo. Hanisikii.

Na Kaka Festo? Yeye ndiye aliyebeba jeneza la Elia upande wa kichwani. Alikataa kupokewa njia nzima. Baadaye akakuchukua wewe kama wake. Viatu vya shule, ada, safari ya chuo Morogoro, kila alichokufanyia nilikitazama nikasema, mtu huyu anawapenda wanangu, nitamwuaje kwa maneno? Nikaona kimya changu ni rehema. Lakini wakati huo huo aliendelea kuuza madumu yake nyuma ya stoo. Mimi nilirudi kukaa barazani kwake nashona, na kila gari lililokuja kujazwa nilichungulia kwanza kama lina mtoto ndani. Nikimwona mtoto, nilishusha macho kwenye kitambaa. Nilishona sare za watoto wa watu huku nikiwatazama wanajaziwa mafuta yale. Sijui kama kuna mwingine aliyeachwa njiani. Sikuuliza. Ndiyo maana niliondoka barazani kwake nikahamia huku juu, na yeye mpaka leo anafikiri nilitaka nafasi kubwa.

Leo alipofungua dumu, harufu ilikuwa ile ile. Hukuisikia kwa sababu wewe umekulia kwenye taa za umeme, na ninashukuru. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Aliponiuliza amekosa nini, nilikuwa na jibu lote mdomoni, na wewe umesimama pale, na Bi Salma, na vijana wa viatu. Nikaona ni afadhali anione nina majivuno. Kumwambia mbele ya watu kungekuwa kumvua nguo.

Sasa sikiliza habari za dizeli, na uzipokee kwa mtu aliyezilipia.

Usijaze hapa katikati. Endesha mpaka Mbezi, ujaze pale yanapojaza mabasi ya mikoani na malori marefu. Kituo chenye wateja wa namna hiyo mafuta yake hayalali kwenye tenki la ardhini yakakusanya maji, na dereva wa basi akidanganywa leo, kesho kituo kizima kitajua. Ukikuta lori la mafuta linashusha, nenda kituo kingine au kanywe chai kwanza, maana uchafu wa chini unakuwa umetibuliwa. Chukua risiti kila mara. Nimekuwekea kwenye mkoba wa chakula chupa safi ya kioo. Ukifika mahali usipopajua, waombe wakutilie kidogo humo kabla ya kujaza, uinyanyue kwenye mwanga. Dizeli nzuri inaangaza kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiwa na ukungu, au ukiona mstari chini kama wa maji, washukuru uondoke. Na unuse. Usione haya kunusa mbele ya watu. Wewe kazini kwako unatia mkono mzima ndani ya ng'ombe, dizeli itakushinda?

Usisubiri taa ya tenki iwake. Huko Rukwa vituo viko mbali, na mtu aliyeishiwa hachagui. Fundi wako akufundishe kutoa maji kwenye chujio la dizeli, ufanye mwenyewe. Na barabarani, kuanzia Makambako kwenda juu, utawaona wameweka madumu na chupa kando ya njia. Watakuita dada, mwingine atakusalimia kwa Kichaga akisikia jina lako la ukoo, na moyo wako utayeyuka. Mwitikie vizuri, mwulize habari za nyumbani, usinunue. Gari lako ni la kisasa kuliko hata lile letu. Wazee watakuambia zamani magari hayakuwa na deko. Ni kweli, na watu pia walivumilia mengi ambayo nisingependa wewe uyavumilie.

Jambo la mwisho kuhusu gari: uwe unalizima. Ukisimama kula, zima. Ukishuka kuangalia mifugo ya watu, zima. Ulichorithi kwa baba yako si mazoea ya udereva, ni huzuni, na haikuwa na sababu. Hakukosea kuzima. Nilikuwa nimwambie yeye. Nakuambia wewe kwa kuwa umebaki wewe.

Hapo nyuma nimeandika kwamba nilinyamaza kwa rehema. Nimeyasoma tena maneno hayo na nimeona si kweli. Kwa Kaka Festo kidogo yawezekana ilikuwa rehema. Kwa baba yako ilikuwa woga, na kwa watoto niliowashushia macho sijui niiteje. Siku moja katika maisha yako ya kazi mtu unayemheshimu atakupa kitu kibaya kwa mikono miwili na uso wa upendo. Inaweza kuwa dawa ya mifugo iliyokwisha muda, inaweza kuwa karatasi ya kutia sahihi. Nakuomba umpende mtu huyo, na useme "hapana" siku hiyo hiyo, kabla neno hilo halijawa zito. Mimi la leo limechelewa sana, ndiyo maana limetoka kwa ukali vile.

Umeniambia nimwombe Mjomba msamaha kabla hujaondoka. Siwezi kabla hujaondoka. Nikienda usiku huu hutalala, na una barabara ndefu. Nitakwenda kesho baada ya misa, wakati duka limefungwa na yupo peke yake nyuma na redio yake. Nitamwomba msamaha, lakini si wa kukataa mafuta. Nitamweleza yote, kuanzia harufu mpaka fundi wa Gerezani. Ninaogopa, mwanangu. Ni mzee sasa, na Elia alikuwa roho yake. Inawezekana akanifukuza, na nitakuwa nimebaki mjini humu bila kaka wala mtoto. Inawezekana asiseme kitu kabisa, nami sijui nitafanya nini na kimya cha mtu mwingine. Lakini madumu yale aliyorudi nayo leo yako pale nyuma, na Jumatatu kuna gari litakuja kujazwa.

Nimebakiwa na ombi moja kwako. Ninajua ukifika popote huwa unanipigia mimi kwanza. Kesho jioni ukifika Mbeya utakapolala, ukishaegesha na kuzima, usinipigie mimi. Mpigie yeye. Usimwulize kitu, usimpe pole. Mwambie tu, "Shikamoo Mjomba, nimefika." Mwache akusikie ukipumua.

Mimi nitakuwa nimekaa naye, kama ataniruhusu nikae. Asiponiruhusu nitakuwa nje barazani, kwenye nafasi yangu ya zamani, nasubiri kusikia simu yake ikilia.

Ni mimi mama yako,
niliyekuzaa wa pili, ukabaki.